Jani la Isale Siku ya Wapendanao

Lugha yetu ya Kiswahili haina uchache wa maneno ya kutaja pendo. Tunayo mapenzi, mahaba, huba na nyonda, na washairi wa pwani wameyatumia yote hayo kwa ufundi tangu zama za kale. Kanisa lilipokuja kuhubiri kwa Kiswahili lilichagua neno upendo. Neno mapenzi, katika sala zake, likabaki na maana ya yale ayatakayo Mungu. Hivyo Mkristo wa Tanzania hukua akiwa na maneno mawili yatokayo katika shina moja. Yako mapenzi ya vijana, ambayo mbele ya wazee husemwa kwa sauti ya chini. Na uko upendo wa kanisani, ambao huhubiriwa kwa sauti kubwa, lakini ni nadra kuulizwa siku za kazi unakaa nyumba gani.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu ya sikukuu moja ambayo si ya taifa wala si ya Kanisa, nayo hata hivyo imepiga hodi katika nyumba zetu. Ni tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Ilienea hasa kuanzia miaka ya 1990, redio na magazeti ya watu binafsi yalipoongezeka nchini. Siku hiyo vijana wa mjini huvaa nguo nyekundu, hupeana kadi na maua, na wenye mikahawa hupamba meza zao. Wazee wengi huitazama kwa jicho la shaka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nataka nisimulie jinsi siku hiyo ilivyonihukumu nyumbani kwangu mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue siku yenyewe ilitoka wapi. Valentino alikuwa shahidi wa imani aliyeuawa Roma katika karne ya 3, akazikwa kando ya barabara iitwayo Via Flaminia. Habari za maisha yake zilizo za hakika ni chache mno, na kwa sababu hiyo, Kanisa Katoliki lilipopanga upya kalenda yake mwaka 1969, liliiondoa kumbukumbu yake katika kalenda ya Kanisa zima. Yaliyounganisha jina lake na wachumba yalikuja baadaye sana. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, katika karne ya 14, alitunga utenzi juu ya ndege wanaokusanyika siku ya mtakatifu huyo kuchagua wenzi wao. Kutoka hapo wenye vyeo wakaandikiana barua, na baada ya karne kadhaa wafanyabiashara wakachapa kadi. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa ni sikukuu ya Kikristo kwa sababu ya jina lake, na wale wanaodhani kuwa ni ya kipagani kwa sababu ya mavazi yake, wote wameshika kipande tu cha habari.

Hata ua lenyewe linastahili kutazamwa vizuri. Kwa miaka mingi mawaridi yamelimwa katika mashamba makubwa ya Arusha na Kilimanjaro na kusafirishwa kwa ndege mpaka Uholanzi. Kijana wa Ulaya ampapo mchumba wake waridi mwezi wa Februari, yawezekana kabisa lilikatwa alfajiri na dada yetu mwenye watoto wanaomngoja nyumbani. Tumezoea kusema kwamba siku hii ni ya wageni, nasi hatukumbuki kwamba jasho lililoipamba ni letu.

Sasa nije nyumbani. Sisi ni familia ya Kikatoliki, na tunaishi kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, katika kihamba. Kwa msomaji asiyetujua, kihamba ni shamba la ukoo lenye migomba na mibuni, ambamo nyumba, zizi na makaburi ya wazee hukaa pamoja. Mtu huzaliwa humo, hula humo, na akifa huzikwa humo. Ardhi ya mlimani ni haba, na watu ni wengi. Ndiyo maana mpaka wa kihamba si jambo dogo, nao huonyeshwa kwa mmea tuuitao isale, au masale yakiwa mengi: mmea wenye majani marefu mabichi ambao haukauki upesi hata wakati wa kiangazi.

Lakini isale lina kazi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Mtu aliyemkosea mwenziwe hukata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea yule aliyemkosea. Jani hilo ni ombi la msamaha, na katika mila ya Wachagga ni mwiko kulikataa. Mwenye kupelekewa anaweza kuwa na hasira ya miaka mingi, anaweza kuwa na haki yote upande wake; jani likishafika mkononi hana budi kusikiliza. Mmea ule ule usemao “hapa ndipo pangu na pale ndipo pako” ndio pia usemao “mimi na wewe tu kitu kimoja.” Sijui kama wazee wetu walikusudia fumbo hili, ila naona kwamba waliyajua mambo ya ndugu na ardhi.

Kwa desturi yetu, mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa sehemu yake mapema ili ajenge, na wa mwisho hubaki katika nyumba ya wazazi, akawatunza na kuirithi. Mimi ni wa kwanza; mdogo wangu ni wa mwisho. Baba yetu alifariki mwaka 2014, akazikwa katika kihamba cha nyumbani, ambacho kinapakana na changu. Mwaka uliofuata, baadhi ya masale ya mpakani yalikuwa yamezeeka na kuanguka. Nilipaswa kumwita mdogo wangu tuyapande upya pamoja. Badala yake nilipanda mibuni kumi na mmoja, hatua mbili ng'ambo ya pale yalipokuwa, nikadai kwamba mpaka wa zamani ulipita huko. Alipouliza, nilimjibu kwa ukali wa kaka mkubwa. Hakunijibu kitu. Toka siku hiyo hatukusemezana kwa miaka tisa.

Miaka tisa ni mingi. Mama yetu alikuwa akiishi upande wa pili wa mpaka ule, nami nilikuwa nikingoja mdogo wangu aende mnadani au gulioni ndipo nikamwamkie. Krismasi, wakati watoto wa mlimani warudipo kutoka miji yote ya nchi, tulichinja mbuzi wawili katika nyumba mbili zinazosikilizana kukohoa. Watoto wetu walisalimiana njiani kama watu wa tarafa tofauti. Kanisani tulikaa safu za mbali, na ulipofika wakati wa kutakiana amani, kila mmoja wetu aliwapa mkono majirani wa kuume na wa kushoto, akaona kwamba ametimiza wajibu.

Ndivyo tulivyokuwa mwaka 2024, mwaka ambao tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu. Jambo hilo hutokea mara chache. Lilitokea mwaka 2018, na litatokea tena mwaka 2029. Siku hiyo Wakatoliki hufunga, huacha nyama, na hupakwa majivu ya matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, wakumbuke kwamba wao ni mavumbi. Ni mwanzo wa Kwaresima, siku arobaini za toba.

Binti yetu, ambaye anafanya kazi Moshi mjini, hakuwa ameitazama kalenda ya Kanisa. Wiki moja kabla, alitutumia kifurushi kwa gari la abiria. Ndani mlikuwa na shati jekundu langu na doti ya khanga nyekundu ya mama yake, pamoja na barua fupi akituomba tuvae siku ile, tupigwe picha kwa simu, tumpelekee yeye na ndugu zake. Aliandika kwamba katika maisha yake yote hajapata kutuona mimi na mama yake tumekaa mkao wa watu wanaopendana.

Nilikasirika. Nimefundisha shule kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari za tarehe 10 Desemba 1962, siku ambayo Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Basi jioni ile nilimsomesha mke wangu kana kwamba alikuwa darasani. Nilisema habari za kasumba, nikasema habari za wageni wanaotuuzia hata mapenzi, nikamalizia kwa methali: mwacha mila ni mtumwa.

Mke wangu alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akasema, “Baba, unaikataa siku ya upendo kwa kuwa ni ya wageni. Vema. Sasa niambie, ile ya kwetu ni ipi, na mwaka huu umeiadhimisha na nani?”

Nikanyamaza.

Akaendelea kwa sauti ile ile ya utaratibu: “Isale ni mila ya nani? Miaka tisa sasa yako pale mpakani, hujakata hata jani moja. Mimi sihitaji ua. Ua unalotaka kuninyima kwa sababu ya mila, mpelekee mdogo wako kwa sababu ya mila hiyo hiyo.”

Ndugu msomaji, nimepata kushindwa katika mijadala mingi, lakini sijapata kushindwa kwa maneno machache namna ile. Niligundua kwamba mila, ambayo nilijiona mlinzi wake, nilikuwa nimeifanya ngao. Nilikumbuka pia kwamba hotuba ile ya mwaka 1962 nilizoea kuwasimulia wanafunzi nusu tu. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alisema kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu, ilimradi kujifunza huko kusiwe sababu ya kuacha yaliyo yetu. Mimi nilikuwa nimeyakataa ya wageni, na ya kwetu nilikuwa nimeyaacha vilevile. Sikuwa na kitu mkononi.

Jumatano ile tulikwenda misa ya asubuhi. Mdogo wangu alikuwepo. Tuliondoka kanisani kila mtu na alama yake ya majivu katika paji la uso, na mara ya kwanza katika miaka tisa nilimtazama vizuri. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Katika akili yangu alikuwa amebaki kijana, kwa sababu hasira haimhesabii mtu miaka yake.

Jioni nilitoka kwenda kukata jani. Hapo nikapatwa na aibu ambayo sikuitazamia. Upande wa mpaka wetu, mahali nilipopanda mibuni, hapakuwa na isale hata moja lililosimama. Nilikuwa nimepasafisha mwenyewe. Ilinibidi kwenda mpaka wa upande wa pili, kwa jirani ambaye sina ugomvi naye, nikaomba ruhusa nikate huko. Jirani alinitazama, akatazama majivu usoni mwangu, asiulize neno. Kwa desturi mtu hufuatana na mzee wa ukoo katika safari ya namna hiyo. Mimi nilikwenda peke yangu, kwa sababu niliogopa kwamba nikienda kumtafuta mzee ningegeuza njia.

Nilimkuta mdogo wangu zizini akimkatia ng'ombe majani. Februari ni mwezi wa joto na ukame kwetu, mvua za masika bado, na majani mabichi hupatikana kwa taabu. Alisimama na panga mkononi. Nikanyosha jani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakanipotea yote, nikasema tu, “Mdogo wangu, nilikosa mimi.”

Aliweka panga chini. Akafuta mikono yake katika suruali, akalipokea jani kwa mikono miwili. Akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akauliza, “Na mibuni?”

Wengine wangeweza kuona kwamba swali hilo lilikuwa baridi. Mimi naona kwamba lilikuwa swali la haki kabisa. Msamaha wa isale si wa machozi tu. Huuliza kilichochukuliwa kiko wapi. Nikamjibu kwamba mibuni imo katika kihamba chake, kwa hiyo ni yake. Ndipo akasema, “Kaka, karibu ndani. Mama yuko macho.”

Sitasimulia mama alisema nini, kwa kuwa hakusema mengi. Alitushika mikono, mmoja kuume na mmoja kushoto, akatuambia tukae. Tulikuwa tumefunga, kwa hiyo hapakuwa na nyama wala mbege. Tulikula kiasi kidogo cha ndizi na maharage. Sijapata kula karamu iliyonishibisha kama ile.

Jumamosi iliyofuata wazee wa ukoo walikuja, wakapima mpaka kwa hatua. Masika yalipoanza tulipanda masale mapya mimi na mdogo wangu, yeye akichimba nami nikishindilia udongo. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila kitu kilikuwa chepesi. Kwa muda wa wiki nyingi tulisemezana kama watu wanaopita daraja bovu, kila mmoja akijaribu ubao kwanza kabla ya kukanyaga. Watoto wetu walizoeana mapema kuliko sisi. Hata hivyo Pasaka ya mwaka ule, tarehe 31 Machi, tulichinja mbuzi mmoja. Siku hiyo ndipo nilipovaa lile shati jekundu, na mke wangu akajifunga khanga yake. Picha ikapigwa. Binti yetu aliomba picha ya watu wawili. Akapata ya watu kumi na wanne, na bibi yake ameketi katikati.

Toka hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatukuona mapema kwamba imani yetu na mila yetu zilikuwa zikisema jambo moja. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, alishika kwamba Kanisa lijengwe juu ya vifungo ambavyo watu tayari wanavyo: ukoo, ujirani na rika. Si wamisionari wote waliokuwa na mawazo hayo, na wako waliotufundisha kuona haya kwa mambo ambayo hayakuwa na dhambi. Lakini lawama yote haiwezi kuwa juu yao. Mimi nilifundishwa Injili na nilifundishwa isale, na kwa miaka tisa sikutumia hata moja.

Nimelitazama tena pia lile jina la Kiswahili la sikukuu hii. Waingereza huiita kwa jina la mtakatifu mmoja. Sisi tumeiita Siku ya Wapendanao, na katika jina hilo lugha yetu imefanya kazi ambayo wengi hawakuiona. Kiambishi kile cha -ana chataka watu wawili: kupendana, kusaidiana, kusameheana. Mtu hawezi kupendana peke yake. Wala jina hilo halikusema kwamba wapendanao ni wachumba tu. Mume na mke ni wapendanao. Ndugu ni wapendanao, au walipaswa kuwa. Majirani wanaogawana maji ya mfongo mmoja ni wapendanao. Lugha imeipa sikukuu hii nyumba kubwa kuliko ile iliyotoka nayo. Ni juu yetu kuiingiza watu.

Sisemi kwamba kila familia ya Kikristo ni lazima iiadhimishe. Mwenye kuiacha hatendi kosa. Lakini mwenye kuiacha kwa jina la utamaduni ana deni la kuonyesha utamaduni wenyewe ukitenda kazi nyumbani mwake. Na mwenye kuiadhimisha kwa waridi na keki asiishie hapo, maana waridi hupewa yule tunayemtaka, na isale hupelekewa yule tuliyemkimbia. Vijana wetu wanafahamu lile la kwanza vizuri. Ni kazi yetu wazee kuwafundisha la pili, tena kwa vitendo, kwa sababu kwa maneno wametusikia vya kutosha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2025 tarehe 14 Februari ilikuwa Ijumaa. Tulikusanyika kwa mdogo wangu baada ya kazi, tukasali, tukala, na mke wangu akapewa ua moja ambalo nililikata mwenyewe bustanini. Watoto walicheka sana. Kabla ya kuondoka nilipita mpakani. Masale tuliyoyapanda yalikuwa yamefika magotini, na ile mibuni kumi na mmoja, ng'ambo yake, ilikuwa imetunzwa kuliko nilivyoitunza mimi.